Rojo la nafaka kwa namna ya wiski: mwongozo wa kutumia mahindi na kimea cha mtama mjini Lubumbashi

Wanaoanza kazi hii mjini Lubumbashi huuliza maswali yaleyale: kwa nini uji wa mahindi ulikaa usiku kucha pamoja na kimea bila kuwa mtamu, kama unga wa bukari (ugali) unafaa, kama mtama unaweza kushika nafasi ya shayiri, na kwa nini kipima-joto kinakataa kufika nyuzi 100 hata maji yakitokota kwa nguvu. Nimeona afadhali niyajibu yote kwa kufuata kazi yenyewe hatua kwa hatua, kwa kuwa karibu kila swali la aina hii hujibiwa na hatua fulani iliyorukwa au iliyofanywa kabla ya wakati wake.

Mwongozo huu unaanzia kwenye punje kavu na kuishia kwenye pombe ya nafaka iliyokwisha kuchachuka, ile ambayo mtengeneza wiski huipeleka kwenye mtambo wake. Kazi ya mtambo, yaani kuitenga pombe kali kwa mvuke, haimo humu, na sababu yake nitaitaja mahali pake.

Jambo moja la kuelewa kabla ya kuanza

Chachu hula sukari, haili wanga, na punje ya mahindi imejaa wanga. Vinavyokata wanga kuwa sukari ni vimeng'enya vilivyomo katika kimea, yaani nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa. Ugumu wote wa kazi unatokana na mgongano mmoja: wanga wa mahindi na wa mtama haukatiki vizuri mpaka upikwe kwenye joto kali, lakini vimeng'enya vyenyewe huharibika katika joto hilohilo. Kwa hiyo wanga hupikwa kwanza, kisha huachwa upoe hadi karibu nyuzi 65 za Selsiasi, ndipo vimeng'enya vinaingia. Anayevipika pamoja tangu mwanzo huvipoteza vimeng'enya, na anayevichanganya kwenye uji usioiva huwa hajavipa kitu cha kukata.

Akina mama wanaopika munkoyo, kinywaji cha uji wa mahindi, katika mitaa yetu ya Kenya, Katuba na Ruashi hulijua jambo hili kwa mikono yao. Hakuna anayetia mizizi ya munkoyo katika uji unaotokota. Husubiri upoe kiasi, na baada ya muda uji uliokuwa mzito huwa mwepesi na mtamu, kwa sababu mizizi ile nayo ina vimeng'enya. Ikiwa umewahi kusimama karibu na chungu hicho, nusu ya somo unayo tayari.

Vitu vya kuandaa

Vipimo vifuatavyo vinatosha kwa rojo, yaani uji wa nafaka uliotiwa kimea, la lita 20 za maji. Usianze na kiasi kikubwa zaidi ya hiki, kwa maana uji wa mahindi wa lita 100 hauwezi kukorogwa vizuri na mtu mmoja, na ukiungua chini umeharibu kazi yote.

- Mahindi makavu, kilo 3, yaliyovunjwa kuwa chenga.
- Mtama, kilo 2 na nusu, utakaotoa kimea cha kilo 2 hivi. Sehemu inayopungua hutumika wakati wa kuota au hutoka pamoja na mizizi.
- Hamira kavu ya mkate, gramu 20.
- Maji safi, lita 20, mbali na ya kuoshea na ya kupoza.
- Sufuria nene ya lita 30 au zaidi, na mwiko mrefu wa mbao.
- Mbabula (jiko la makaa) imara na makala, yaani makaa, ya kutosha kwa saa tatu.
- Kipima-joto cha jikoni au cha maabara kinachofika nyuzi 110. Kile cha kupimia homa huishia nyuzi 42, na kitapasuka au kuharibika.
- Ndoo ya plastiki ya chakula yenye mdomo mpana na mfuniko, ya lita 35.
- Ndoo mbili ndogo, beseni kubwa la kupozea sufuria, blanketi mbili, na kitambaa cha kuchujia.
- Iodini, ile dawa ya kahawia ya vidonda inayouzwa katika duka la dawa, pamoja na kisahani cheupe.
- Mizani. Hidromita, kifaa kinachoelea cha kupimia wingi wa sukari katika maji, ni ya hiari, lakini anayekusudia kurudia kazi hii ataihitaji mapema.

Kuhusu vyombo, nisikike vizuri. Katika masoko yetu huuzwa bido (madumu) na mapipa yaliyotoka migodini na kwenye viwanda vya kuchambua madini, na mengi kati ya hayo yalibeba asidi na kemikali nyingine za kusafishia shaba na kobalti. Kuyaosha kwa sabuni na mchanga hakuyafanyi yawe ya chakula. Ikiwa hujui chombo kilibeba nini, kiache. Vivyo hivyo kwa maji: kisima kilicho karibu na kiwanda cha madini au lundo la mabaki yake hakifai hata kama maji yake ni maangavu. Maji ya bomba ya REGIDESO, shirika la maji la serikali, yanafaa, lakini yakinuka klorini, yaache usiku mmoja katika ndoo iliyo wazi kabla ya kuyatumia.

Juu ya nafaka, unga wa bukari uliosagwa laini unaweza kutoa sukari, ila unafanya madonge, unashika chini ya sufuria, na mwishoni hauchujiki. Mwambie mwenye mashine avunje mahindi, asiyasage. Chenga zenye ukubwa wa punje ya mchele uliovunjika zinafaa. Mahindi yenye kuvu au harufu ya ukungu yaondolewe kabisa, kwa kuwa sumu ya kuvu haiondoki kwa kupikwa.

Mchanganyiko huu una mahindi asilimia 60. Nchini Marekani wiski iitwayo bourbon hutakiwa kuwa na mahindi yasiyopungua asilimia 51, na sehemu inayobaki mara nyingi huwa shayiri iliyoota pamoja na nafaka ya tatu. Wiski ya Uskoti inayoitwa single malt hutumia kimea cha shayiri peke yake. Huku kwetu shayiri ni ya kuagizwa, ilhali mtama uko sokoni. Mtama una udhaifu wake, na hatua ya 8 imewekwa kwa ajili hiyo.

Sehemu ya kwanza: kuotesha mtama

1. Jaribu mbegu kwanza. Hesabu punje 100, zifunge katika kitambaa chenye unyevu na uziweke mahali penye joto kwa siku tatu. Zikiota 90 au zaidi, nunua kutoka gunia hilohilo. Zikiota chini ya 80, tafuta muuzaji mwingine, maana punje zisizoota zitaoza katikati ya zilizoota. Pendelea mtama mweupe au wa rangi hafifu. Ule mwekundu sana na mchungu una tanini inayofunga vimeng'enya. Usinunue kamwe mbegu za kupanda zilizopakwa rangi, kwa sababu rangi hiyo ni alama ya dawa ya wadudu.

2. Osha mtama mpaka maji yatoke safi, toa punje zinazoelea, kisha uloweke kwa saa 16 hadi 24. Badilisha maji kila baada ya saa sita au nane, na kila unapoyamwaga ziache punje zipumue kwa nusu saa. Punje zikikaa katika maji yaleyale mchana na usiku hukosa hewa, na nyingi hufa kabla ya kuota.

3. Tandaza mtama kwenye gunia safi au mkeka, unene wa vidole vitatu au vinne, na uufunike kwa gunia jingine lenye unyevu. Mtama huota vizuri kati ya nyuzi 25 na 30. Mwezi wa kumi hutakuwa na shida hiyo, lakini mwezi wa sita na wa saba, ambapo usiku wa Lubumbashi unaweza kushuka chini ya nyuzi 10, weka gunia jikoni karibu na ukuta unaopata joto, la sivyo utangoja siku nane kwa kazi ya siku nne.

4. Nyunyizia maji na ugeuze mara mbili au tatu kwa siku, kwa mikono iliyooshwa. Kugeuza kunazuia mizizi isishikane kuwa mkeka mmoja na kunatoa joto linalojikusanya katikati. Ukiona nywele za kijani au nyeusi za ukungu, toa sehemu hiyo yote pamoja na punje zinazoizunguka, na kama umekwisha kuenea, tupa wote.

5. Siku ya nne au ya tano, machipukizi yakifika sentimita 2 hadi 3, acha kunyunyizia na uanike. Jua la kiangazi hukausha mtama kwa siku mbili au tatu. Wakati wa mvua anika chini ya paa penye upepo, ukitandaza safu nyembamba zaidi. Usiukaushe juu ya moto wala katika karai la moto: joto linalozidi nyuzi 50 wakati punje bado zina unyevu huua vimeng'enya, na utabaki na nafaka yenye harufu nzuri isiyo na nguvu yoyote. Kimea kimekauka wakati mizizi inavunjika kwa kuguswa na punje inatoa mlio chini ya jino.

6. Sugua kimea kati ya viganja au ndani ya gunia, kisha upepete mpaka mizizi na machipukizi yote yatoke. Hatua hii haina mbadala. Mtama unaochipuka hukusanya katika machipukizi yake kemikali inayoweza kutoa sianidi, na ndiyo maana wafugaji hukataza ng'ombe kula mtama mchanga. Makapi hayo yazikwe au yatupwe mbali na wanyama, wala kimea kibichi kisilambwe na watoto kwa utamu wake. Baada ya hapo kipeleke mashineni kivunjwe, kiwe laini kidogo kuliko mahindi, lakini kisiwe vumbi.

Kimea kikavu hukaa miezi kadhaa katika chombo kilichofungwa vizuri. Kikishavunjwa, kitumie ndani ya wiki moja.

Sehemu ya pili: siku ya kupika

7. Pima kipima-joto chako. Chemsha maji kidogo, ukitumbukize, usome. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji hutokota karibu na nyuzi 96. Kipima-joto kinachoonyesha 95, 96 au 97 ni kizima. Kinachoonyesha 100 hapa kwetu ndicho kinachodanganya, na kitakudanganya pia kwenye 65, mahali ambapo nyuzi tatu zina maana kubwa. Kama huna kingine, andika tofauti hiyo na uihesabu kila unaposoma.

8. Toa vimeng'enya kwenye kimea kabla ya moto. Katika ndoo ndogo changanya lita 2 za maji yanayotokota na lita 4 za maji baridi, pima upate karibu nyuzi 45, kisha umwage kimea chote cha kilo 2 huku ukikoroga. Funika kwa dakika 40, ukikoroga mara moja katikati. Halafu acha pasipo kugusa kwa dakika 20, na umimine polepole maji ya juu katika ndoo nyingine safi, lita 3 hadi 4, yenye rangi ya maziwa yaliyopauka. Funika ndoo hiyo na uiweke kivulini. Maji hayo ndiyo yatakayofanya kazi baadaye. Mashapo mazito yaliyobaki chini ni wanga wa mtama, nayo yataingia kwenye sufuria.

Wengi huuliza kwa nini kujisumbua hivi wakati watengenezaji wa Marekani humwaga kimea cha shayiri moja kwa moja katika uji uliopoa. Jibu liko katika nafaka. Wanga wa shayiri hulainika karibu na nyuzi 60 hivi, kwa hiyo katika rojo la nyuzi 65 huvimba na kukatwa palepale. Wanga wa mtama huanza kulainika karibu na nyuzi 68, na mwingine hungoja mpaka 75 na zaidi. Ukitia unga wa kimea cha mtama katika rojo la nyuzi 65, vimeng'enya vyake vitayakata mahindi, lakini wanga wa kimea chenyewe utabaki mbichi, na kilo 2 kati ya kilo 5 zako zitakuwa zimekaa bure. Ukiupasha zaidi ili wanga huo ulainike, utaua kimeng'enya kinachotoa sukari nyingi inayopendwa na chachu, ambacho katika mtama ni haba tangu mwanzo. Kutenga maji ya kimea kabla ya kupika kunakwepa pande zote mbili za tatizo. Mwenye kimea cha shayiri anaweza kuiacha hatua hii: kilo 1 ya kimea kwa kilo 4 za mahindi inatosha, na kinaingia chote katika hatua ya 12. Mashapo ya hatua ya 9 hayatakuwapo, na lita zile sita za maji atazitumia kuupozea uji.

9. Washa mbabula nje au mahali penye upepo. Makala ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na kazi hii ni ya saa nyingi. Tia lita 14 za maji katika sufuria, yakiwa bado vuguvugu ongeza chenga za mahindi huku ukikoroga, kisha mashapo ya kimea. Anayesubiri maji yatokote ndipo amwage mahindi atapata madonge yenye unga mkavu ndani, na hakuna atakachokifanya baadaye kitakachoyafungua.

10. Joto likifika karibu nyuzi 70, punguza makala na ushikilie hapo kwa dakika 10. Mashapo bado yana vimeng'enya kidogo, na ingawa vitakufa muda si mrefu, kabla ya kufa hulegeza uji ili usiwe kama bukari utakapotokota. Utasikia tofauti kwenye mwiko.

11. Ongeza moto mpaka utokote, kisha upunguze na uache uchemke taratibu kwa dakika 45, sufuria ikiwa wazi, ukikoroga mpaka chini wakati wote. Hapa ndipo watu huchoka na kwenda kuzungumza na jirani. Uji ulioungua hauna tiba: ladha ya moshi mchungu itapita katika kuchachuka kote na kubaki hadi mwisho. Ukizidi kuwa mzito, ongeza lita moja ya maji ya moto. Umeiva wakati chenga moja ikibonyezwa kati ya vidole inalainika yote bila kiini kigumu katikati.

12. Shusha sufuria uiweke ndani ya beseni la maji baridi, ukoroge mpaka rojo lifike nyuzi 71 au 72. Pima mahali patatu, katikati, pembeni na chini, kwa kuwa uji mzito huficha joto. Kisha mimina maji ya kimea uliyoyatenga, koroga vizuri kwa dakika tatu na upime tena. Kwa vipimo hivi utaangukia karibu nyuzi 65. Kati ya 63 na 67 ni salama. Ikiwa ni 70 au zaidi, koroga haraka huku ukibadilisha maji ya beseni. Ikiwa ni 60, rudisha kwenye makala machache kwa dakika chache, ukikoroga bila kusimama.

Mwenye vikaratasi vya kupimia asidi apime sasa: pH ya 5.2 hadi 5.6 ndiyo inayovifaa vimeng'enya. Maji ya visima vya kwenye miamba ya chokaa huisukuma juu. Maji ya ndimu, kijiko kimoja kimoja, huishusha. Asiye na vikaratasi asitie ndimu kwa kubahatisha.

13. Funika sufuria, izungushie blanketi, na uiache kwa dakika 90. Sitegemei hita ya umeme kwa hatua hii, kwa sababu umeme wetu huchagua saa zake wenyewe. Blanketi mbili hazikatiki. Fungua kila baada ya nusu saa ukoroge na upime. Likishuka hadi nyuzi 60 si msiba, mradi lilianza mahali panapofaa. Ndani ya nusu saa ya kwanza rojo litakuwa jepesi ghafla, na ukionja kidogo utapata utamu ulio wazi.

14. Pima kwa iodini. Chukua kijiko cha maji ya juu, bila maganda, weka kwenye kisahani cheupe, acha kipoe, kisha udondoshee tone moja. Likigeuka buluu iliyokoza au jeusi, wanga bado upo: funika tena kwa nusu saa. Likibaki na rangi ya iodini yenyewe, au likiwa jekundu la kahawia hafifu, kazi imekwisha. Maganda hubadilika kuwa meusi daima, kwa hiyo usiyahesabu. Kilichopimwa kimwagwe, kisirudi kwenye sufuria.

15. Usilichemshe rojo tena. Mtengeneza bia huchemsha, lakini mtengeneza wiski hachemshi, kwa sababu vimeng'enya vilivyobaki hai huendelea kukata polepole ndani ya ndoo ya kuchachushia, na kwa mtama, ambao sukari yake ya kwanza ni kidogo, siku hizo za nyongeza zina faida kubwa. Gharama yake ni kwamba bakteria nao hawajauawa, kwa hiyo usafi wa ndoo ndio ulinzi wako: ioshe kwa sabuni, isuuze, kisha imwagie maji yanayotokota.

16. Poza haraka hadi chini ya nyuzi 30, ukibadilisha maji ya beseni. Usiliache usiku kucha lipoe lenyewe, maana kati ya nyuzi 50 na 30 bakteria wa kuchachusha huzaliana kuliko kitu chochote, na asubuhi utakuta uji uliochacha. Lihamishie kwenye ndoo kubwa ukilimwaga kutoka juu ili lipate hewa, kwa kuwa chachu huihitaji mwanzoni. Lisichujwe. Huko Kentucky, nchini Marekani, huchachusha pamoja na nafaka zake, na kwa rojo la mahindi hilo ndilo jambo la busara: kabla ya kuchachuka halichujiki bila mateso, baada ya kuchachuka mashapo hujishukia yenyewe.

17. Nyunyiza gramu 20 za hamira katika glasi ya maji ya nyuzi 35 hadi 38, iache dakika 15, na ikitoa povu itie kwenye ndoo na ukoroge. Ikikaa kimya bila povu, imekufa. Tumia nyingine.

18. Funika kwa mfuniko ulioegeshwa, usiokazwa, kwa siku tatu hadi tano, mahali penye nyuzi 25 hadi 30. Hewa inayotoka ni nyingi, na chombo kilichokazwa kitapasuka. Kila siku sukuma maganda yanayopanda juu yarudi chini kwa mwiko safi. Povu likiisha, maganda yakizama na utamu ukitoweka kinywani, chuja kwa kitambaa.

Mwenye hidromita achuje kidogo kabla ya kutia hamira na apime ikiwa imepoa hadi nyuzi 20. Rojo hili hutoa 1.045 hadi 1.060 mwanzoni, na mwishoni lishuke chini ya 1.010. Pombe inayopatikana huwa ya asilimia 5 hadi 7.

Hapa mwongozo unasimama. Kutenga pombe kali ni kazi inayotozwa ushuru wa bidhaa, unaosimamiwa nchini Kongo na DGDA, mamlaka ya forodha na ushuru, na anayetaka kuifanya aanze na kibali kabla ya mtambo. Kwa wanaouliza kama rojo hili likipelekwa kwa mpika lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, litarudi likiwa wiski, jibu ni hapana. Uskoti hudai miaka isiyopungua 3 ndani ya pipa la mwaloni, na huko jina la wiski haliji kabla ya pipa hilo.

Mambo yakienda kombo

Rojo halikuwa tamu na iodini ni nyeusi. Angalia mambo matatu kwa mpangilio huu. Je, maji ya kimea yaliingia kwenye joto linalozidi nyuzi 75? Kama ndivyo, vimeng'enya vimekufa, na dawa pekee ni kutoa maji mapya kutoka kimea kingine cha nusu kilo na kuyatia rojo likiwa na nyuzi 67. Je, chenga zina kiini kigumu? Basi hukupika vya kutosha. Pika tena, poza, na utie maji mapya ya kimea. Je, kimea chenyewe kilikaushwa motoni au kilikaa mwaka mzima gunia likiwa wazi? Katika hali hiyo usipoteze makala zaidi.

Ni tamu lakini chachu haianzi. Mara nyingi hamira ilitiwa rojo likiwa bado moto, kwa kuwa juu limepoa na katikati lina nyuzi 45. Koroga, pima katikati, kisha tia hamira mpya. Katika miezi ya baridi sababu huwa kinyume chake: ndoo iliyowekwa juu ya sakafu ya saruji hushuka hadi nyuzi 15 usiku. Iinue juu ya mbao na uifunge blanketi.

Lilianza vizuri likasimama nusu ya safari. Kwa mtama si ajabu likasimama kwenye 1.012 au 1.015, kwa sababu sehemu ya wanga ilikatwa vipande vikubwa ambavyo chachu haivili. Mara ijayo shikilia nyuzi 63 hadi 65 kwa saa mbili, na uhakikishe umetenga maji ya kimea ya kutosha katika hatua ya 8. Kuongeza sukari ya dukani kutaongeza kilevi, lakini hutakuwa tena na pombe ya nafaka, na binafsi naona afadhali pombe hafifu iliyo ya kweli.

Limechacha kupita kiasi. Uchachu kidogo ni wa kawaida, na baadhi ya viwanda huutafuta kwa makusudi. Ukinuka siki, hewa imeingia kwa muda mrefu baada ya kuchachuka kwisha. Utando wenye rangi juu, au harufu ya kuoza, humaanisha kumwaga.

Je, mizizi ya munkoyo inaweza kushika nafasi ya kimea? Inalainisha uji na kutoa utamu, lakini nguvu yake hubadilika kutoka fungu moja hadi jingine, hivyo huwezi kupanga kiasi. Anayetaka kujaribu ainunue kwa mama anayeifahamu, asiichimbe mwenyewe porini, kwa kuwa kuna mizizi inayofanana nayo isiyofaa kuliwa, na aipime kwa iodini kama ilivyoelezwa.

Machicha yaliyobaki kitambaani yana protini nyingi na nguruwe huyapenda, mradi yatolewe kidogo kidogo yakichanganywa na chakula kingine, maana bado yana kilevi. Yatumike siku hiyohiyo, kwani kesho yake huanza kuota ukungu.